Tupeane uzoefu: wenye seva pepe nyingi, nani ameacha kuzitengeneza kwa mkono?

Mwana_Uyole (Mbeya)
Wakuu, heshima kwenu. Nipo kitengo cha TEHAMA cha kampuni moja kubwa, jina tuliache. Chumba chetu cha seva hapa Mbeya kilijengwa kama akiba ya kile cha Dar: Dar ikizimika, kazi zihamie huku. Siku hizi kimekuwa kituo kamili. Raki (kabati za seva) zinaongezeka, na kila idara inayokuja na mfumo mpya inataka seva tatu, ya majaribio, ya mafunzo na ya kazi yenyewe.

Utaratibu wetu bado ni ule ule wa kizamani. Mtu anajaza fomu, wakubwa wanasaini, kisha mmoja wetu anafungua vCenter (programu ya VMware ya kusimamia seva pepe), anabonyeza-bonyeza, anaweka jina na IP (anwani ya mtandao), anamwandikia wa fayawoli (kinga ya mtandao), anamkumbusha wa bakapu (nakala za akiba). VM (seva pepe, kompyuta ya kiprogramu ndani ya seva halisi) yenyewe haimalizi saa moja kutengenezwa, lakini mwombaji anaipata akiwa ameshakata tamaa. Sasa uongozi unasema tuweke otomatiki. Wauzaji nimeshawasikiliza vya kutosha, nataka waliopita hiyo njia. Mlianzia wapi?

Kamwene wa Kihesa (Iringa)
Kamwene mkuu. Sisi ni taasisi ya elimu, wadogo kuliko ninyi. Anza na templeti (seva ya mfano inayonakiliwa), na uifanyie usafi kabla ya yote. Jamaa niliyempokea kazi alikuwa anakloni Ubuntu moja aliyoipenda. Seva zikawaka vizuri, halafu mtandao ukaanza vituko: ukiingia kwenye seva ya maktaba unajikuta kwenye ya matokeo. Zilikuwa zinapewa IP moja na DHCP (huduma inayogawa anwani).

Chanzo ni faili la /etc/machine-id. Ubuntu ya seva hujitambulisha kwa DHCP kwa namba inayotokana na faili hilo, si kwa MAC (namba ya kadi ya mtandao) kama wengi tunavyodhani. Ukikloni bila kulisafisha, unazalisha mapacha wenye namba moja ya NIDA. Dawa yake: kabla ya kuigeuza kuwa templeti, acha faili lipo lakini tupu, futa na funguo za SSH za seva (zinazoitambulisha kwa wanaoingia kwa mbali). Ikiwaka mara ya kwanza itajitengenezea vyake, na cloud-init (programu ya kuiandaa inapowaka mara ya kwanza) itaipa jina, mtandao na watumiaji.

Siku hizi templeti hatuigusi kwa mkono. Packer (programu ya kujenga templeti) inaijenga upya kila mwezi na masasisho yake, ya zamani tunatupa.

Mzee wa Mafinga
Umesema vCenter, basi jambo la kwanza ni leseni. Broadcom walikamilisha kuinunua VMware Novemba 2023, na mwezi uliofuata wakaacha kuuza leseni za kudumu. Sasa ni kulipia kwa mwaka na kwa kori (kiini cha prosesa), na prosesa moja inahesabiwa kori 16 hata kama inazo nane. Sisi tulikuwa na mashine nyingi za kori chache, hesabu ikatutoa jasho. Tukahamia Proxmox, jukwaa jingine la seva pepe, linalotumia KVM ya Linux.

Hapa kuna jambo mshauri wetu alitupaka mafuta. Alituambia ukiandika kila kitu kwa Terraform (programu ya kuunda seva kwa maelezo ya maandishi), kubadili jukwaa ni kubadili mistari michache. Si kweli. Maelezo ya VM ya vSphere (jukwaa la VMware) hayafanani na ya Proxmox, sehemu hiyo tuliandika upya yote. Kilichosalimika ni kazi za Ansible (programu ya kupanga seva ikishawaka), maana zile zinaanzia ndani ya mfumo endeshi na hazijali uko juu ya haipavaiza (programu inayobeba VM) ya nani. Ningekuwa wewe, nguvu nyingi ningeiweka huko.

(Terraform yenyewe ilibadilishiwa leseni Agosti 2023. Sisi tunatumia OpenTofu, tawi lililojitenga baada ya hapo.)

Mwana_Uyole
Asante mzee. Kuna mtu ametushauri tuunganishe Dar na Mbeya ziwe klasta moja (kundi la seva linalofanya kazi kama mfumo mmoja), VM zijihamie zenyewe. Unasemaje?

Mzee wa Mafinga
Nasema kimbia. Nyaraka za Proxmox zinataka nodi (seva) za klasta ziwasiliane chini ya milisekunde 5. Mbeya hadi Dar kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800, na mwanga ndani ya faiba unakwenda takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kwenda na kurudi ni milisekunde 8, hapo hujapita swichi hata moja. Fedha haibadilishi hilo. Halafu siku katapila likikata faiba, upande uliobaki na kura chache (kila nodi ni kura) hauruhusiwi kuwasha kitu, na ukiwa na HA (mfumo wa kuwasha VM kwingine seva ikifa) nodi zinajiwasha upya zenyewe. Weka klasta mbili zinazojitegemea, nakala za data zivuke usiku, na skripti ya kuhamisha kazi iwe inajaribiwa mara kwa mara.

Fundi Raki (Njombe)
Mnaongea programu tupu, hakuna anayetaja umeme. Otomatiki ikikolea, seva zinajazwa: mashine iliyokuwa inapumua kwa robo ya uwezo sasa inakwenda karibu na ukomo, na joto linapanda nayo. Nyanda zetu zina bahati. ASHRAE (chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani) wanapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27, na hapa Njombe mwezi wa Juni na Julai unalazimika kuchanganya ya nje na ya moto ya ndani ili isiwe baridi mno. Tunavuta hewa ya nje kwa chujio, kiyoyozi kinapumzika.

Lakini tupo karibu mita 2,000. Hewa ni nyepesi, feni inabeba joto kidogo kuliko pwani, na jenereta haitoi nguvu zote zilizoandikwa ubavuni, hasa isiyo na tabo (kisukuma hewa cha injini). Angalieni jedwali la mtengenezaji kabla ya kuongeza raki. Yetu ilinunuliwa kwa hesabu za Dar.

Otomatiki ya kwanza niliyoiheshimu mimi ni ya kuzima. UPS (betri ya akiba) ikishuka kiwango fulani, NUT (programu inayoifuatilia) inatoa amri: VM za majaribio zinazima kwanza, mifumo inafuata, hifadhidata, mwisho kabisa haipavaiza. Kuwasha ni kinyume chake. Kabla ya hapo radi ya Desemba ilikuwa inatukesha.

Bi Tiketi (Mwanjelwa, Mbeya)
Kaka wa Uyole, mimi nilikuwa upande wa kupokea maombi kwenye kampuni ya ukubwa huo. Soma tena ulichoandika. Seva ni saa moja, kilichobaki ni saini. Skripti haisaini. Chukua tiketi za miezi michache iliyopita uone kila moja ilikaa kwa nani. Sisi ilibidi tukae na watu wa usalama na wa fedha, tukakubaliana ukubwa wa aina tatu tu. Ndogo ya majaribio, kwenye mtandao uliotengwa, inajitengeneza bila saini. Kubwa, au inayogusa data za wateja, inasubiri mkubwa. Kikao hicho kilituchosha kuliko kuandika programu yote.

Na jiandae kwa lingine: zikiwa rahisi kupatikana, watu wanaziomba kama maji na hakuna anayezirudisha. Tuliweka sharti kwamba VM haizaliwi bila lebo ya mwenyewe, idara na tarehe ya mwisho. Tarehe ikikaribia anapata barua pepe, ikipita inazimwa. Inazimwa tu, kufuta baadaye kabisa. Ilikuwepo moja inaitwa test-mpya-final2, hakuna aliyekiri kuifahamu. Ikazimwa, kimya. Mwisho wa mwezi uhasibu wakapiga kelele: faili la mishahara lilikuwa linapitia humo. Kwa hiyo muda wa kusubiri lazima uvuke mwisho wa mwezi, na kwa mifumo ya fedha, mwisho wa mwaka.

Ukaguzi nao uliibua seva za mafunzo zenye taarifa halisi za wateja. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hilo si jambo la kucheka. Skripti ya kutengeneza ya mafunzo ivute data za kubuni, isiwe na njia nyingine.

Kamwene wa Kihesa
Nakazia kwa dada. Halafu nywila zisikae kwenye Git (hifadhi ya mafaili ya programu), hata iwe ya ndani. Ansible Vault (sefu ya siri ya Ansible) inatosha kuanzia.

Mwana_Uyole
Nimewasoma wote. Tiketi nazichambua wiki hii, klasta moja nimeshaifuta kwenye andiko. Vijana wangu wanauliza kama ajira zao zipo salama, nimewaambia bado hatujapata hata wa kusafisha templeti. Fundi Raki, jenereta yenu ni kVA ngapi na mnabebesha ngapi? Yetu nayo ilinunuliwa na watu wa Dar. Nicheki inbox.