Bahari ya Pirates hurudi saa ngapi? (na Mama Ngina twende lini?)

Mama Watatu, Machakos
Hamjambo watu wa Pwani. Mwaka jana niliwaleta watoto Mombasa kwa mara ya kwanza. Saa nne asubuhi tukashuka matatu pale Jomo Kenyatta Public Beach, Pirates, watoto wameshavaa nguo za kuogelea tangu chumbani. Bahari haikuwepo! Mchanga, mwani na vidimbwi mpaka kule mbali mawimbi yanakopasukia. Kitinda mimba wangu akaniuliza, "Mama, wameifunga?" Tukangoja hadi saa saba, tukachoka, tukaenda zetu.

Mwezi ujao tunarudi. Siku ya kutembea ni moja tu, Jumamosi, ya tatu baada ya mwezi mpevu. Jirani yangu Mgiriama ndiye aliyeniambia niangalie mwezi, lakini hakunieleza zaidi. Nataka waogelee, halafu tupunge upepo Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari. Nianzie wapi?

Mzawa wa Likoni
Pole dadangu. Mwambie huyo mdogo haikufungwa, ilikuwa imekupwa, maji yametoka. Bila shaka mlikuja siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Siku hizo huku kwetu maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na saa nne yamekupwa kabisa. Uliingia saa mbaya kuliko zote.

Marehemu babangu alikuwa mvuvi wa madema na hakuwahi kuvaa saa. Alihesabu siku za mwezi kwa vidole: kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50, wakati mwingine pungufu. Ukihesabu hivyo, Jumamosi yako yatajaa karibu na saa kumi na mbili, asubuhi na magharibi. Adhuhuri usiende, utakuta vidimbwi vilevile.

Basi amkeni mapema, jua likichomoza muwe mchangani. Maji yatatoka polepole, mna nafasi mpaka saa mbili na ushei. Wavishe watoto viatu vya plastiki, mwambani kuna wadudu wa miiba. Yale maboya ya tyubu za matairi, patana bei kabla mtoto hajalikalia, akishalikalia umekwisha. Na mpiga picha mtajie idadi, "mbili tu", kwa sauti. Mimi mzawa nilidaiwa picha kumi na tisa. Nilimpungia mkono aondoke, akaupiga picha na huo mkono.

Mama Ngina nendeni saa kumi jioni. Si pa kuogelea, chini ni majabali na mkondo wa kina. Pale mnakaa kutazama meli za makontena zikiingia Kilindini, karibu mpaka watoto wataanza kuwapungia mabaharia.

Mzee wa Kizingo
Hapo kwa Mama Ngina mimi sijazoea tangu paboreshwe 2019, mwaka ule sherehe za Mashujaa zilipofanyiwa papo hapo. Zamani uliegesha gari chini ya mbuyu, ukaletewa muhogo dirishani. Sasa ni vigae, ngazi na taa. Watoto watapenda, sikatai.

Muhogo lakini bado upo. Usinunue uliokwisha kupoa. Ngoja utoke kwenye mafuta mbele ya macho yako, upasuliwe katikati, utiwe chumvi, pilipili na ndimu. Watoto wape madafu, na mabuyu ya rangi mwisho kabisa, maana vidole vikishakuwa vyekundu nguo zote zimekwenda. Kama mna nguvu bado, teremkeni kwenye feri muvuke Likoni na kurudi. Mtu wa miguu halipi, na kwa mtoto wa bara hiyo ni safari ya meli.

Mzawa wa Likoni
Mzee, feri saa kumi na moja jioni na watoto watatu? Watu wote wanatoka kazini! Dadangu, vukeni mchana, saa nane hivi, kisha ndiyo mpande Mama Ngina.

Mama Watatu, Machakos
Nimeandika yote nyuma ya kalenda, asanteni sana. Swali moja la mwisho: saa kumi na mbili asubuhi maji hayatakuwa baridi?

Mzawa wa Likoni
Dadangu, wewe wa Machakos ndiye unayeniuliza mimi habari za baridi?