Tupeane uzoefu: mliowahi kukaa na au pair nyumbani, au kuwa au pair, njooni hapa

Mama Wawili, Leipzig

Habari zenu wadau. Wiki hii watu watatu wameniuliza jambo lilelile pembeni: kuishi na au pair kukoje, yaani kijana wa kigeni anayekaa na familia, anasaidia watoto huku akijifunza lugha. Nikaona bora nilimwage hapa, nanyi mmwage yenu.

Mimi na mume wangu sote ni Watanzania, yeye ana uraia wa Ujerumani. Watoto ni wawili, miaka 4 na 7. Mimi nauguza wazee na zamu ya asubuhi inaanza saa 12 kamili. Mume anaondoka na treni ya saa 11 na nusu. Katika hesabu hiyo hakuna mtu wa kuwavalisha watoto soksi.

Wazo la kwanza lilikuwa lile la kila Mtanzania: mtoto wa dada yangu yuko Muheza, kamaliza kidato cha nne, aje. Hapo ndipo shule ilipoanza. Kwanza, au pair hatakiwi kuwa ndugu wa familia. Pili, kama nyumbani mnaongea Kijerumani lakini si lugha mliyozaliwa nayo, au pair hawezi kutoka nchi mliyotoka ninyi wenyewe. Wanataka aje ajifunze lugha na maisha ya huku, si aje kuendeleza Muheza ndani ya Leipzig. Dada yangu hakunielewa. Mpaka leo kuna simu zangu hapokei.

Tukampata binti wa Kitale, miaka 22. Mnaona? Mtanzania hapana, jirani ruksa. Tulijiwekea sharti la Kijerumani mezani na tulijitahidi, lakini mtoto akianguka au ugali ukishika chini, Kiswahili kinatoka chenyewe. Binti alikuja kujifunza Kijerumani, akaondoka na cheti chake cha B1, ngazi ya kati ya lugha, pamoja na "naomba", "samahani" na "shikamoo" za Tanga.

Sasa niseme lililonileta hapa. Watoto walimwita "dada" tangu siku ya kwanza, nami sikuwaza mara mbili. Yeye alifurahi mno, akampigia mama yake: wananiita dada! Kwao dada ni dada, si msichana wa kazi kama kwetu. Mwezi wa tatu akaja mgeni wetu kutoka Berlin, mtu wa Dar, kajiegemeza kwenye kochi, anauliza kwa sauti: "Huyu dada mnamlipa ngapi?" Binti alikuwa anapita na sahani. Usiku akanifuata jikoni: "Auntie, kwani kwenu dada ni nani?"

Nilijikuta nafuta meza ambayo ilishafutwa.

Maana mkataba nilishausaini. Saa 30 kwa wiki, zisizidi 6 kwa siku. Siku moja na nusu ya kupumzika kila wiki, likizo wiki 4 kwa mwaka. Chumba chake mwenyewe, chakula, bima juu yetu. Euro 280 za mfukoni kila mwezi na euro 70 za kuchangia kozi ya lugha. Kazi ni watoto na shughuli nyepesi za nyumbani, basi. Nilisaini yote hayo, halafu nikaishi kama niko kwetu.

Jumamosi moja tulikuwa na ubatizo, wageni 14, pilau, masufuria mawili makubwa ya kuazima. Nikasema tu, kwa mdomo uleule wa mama yangu: "Hebu malizia vyombo hivyo." Akamalizia. Saa sita usiku nasikia maji bado yanatiririka.

Jumatatu akaniwekea daftari mezani. Daftari la shule, jalada la bluu, kona zimejikunja. Kila siku kaandika kwa penseli: saa aliyoanza, saa aliyomaliza, alifanya nini. Chini kapiga mstari kwa rula na kuandika 41. Hakusema neno. Alikaa mikono mapajani, ananisubiri nisome.

Ukweli, nilikasirika kwanza. Huyu ananihesabia? Tunakula sahani moja! Kisha macho yakaangukia mstari wa Jumanne: "kumsubiri fundi wa hita, saa 2". Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba alimsubiri. Kwangu zile saa hazikuwa kazi, zilikuwa "yupo nyumbani". Wiki iliyofuata tukamrudishia siku zake, akapanda basi na rafiki zake kwenda Prague. Daftari likahamia juu ya friji, na mimi nikawa naandika humo humo.

Haya, semeni.

Binti wa Kaunti 32, Bavaria

Hiyo ya daftari imenichekesha peke yangu ndani ya treni. Mimi yangu ilikuwa kwa simu.

Nilikuja 2019. Nilipomwandikia mamangu kwamba naenda Ujerumani kuwa au pair, alinipigia mbio: "Kuwa nini, au nini? Mbona hujamaliza sentensi?" Halafu akalia. Kwetu Nakuru msichana akisema anaenda ng'ambo kwa nyumba ya watu, wazazi wanaona Saudia tu, na hadithi tumezisikia. Nilikaa naye nikamtafsiria mkataba mstari kwa mstari. Pasipoti nakaa nayo mwenyewe. Simu ni yangu. Kuna siku ya kupumzika. Akaniuliza tena, "Na jioni watakupa chakula?"

Mama alijua kuuliza! Huku jioni ni mkate, jibini na tango. Baridi. Siku ya kwanza nilikula kidogo nikidhani hiyo ni ya kufungua tumbo, nikangoja chakula chenyewe. Wakaondoa sahani.

Familia ya kwanza tuliachana baada ya miezi 3. Hawakunitukana, hawakunipiga. Ni vile kila siku kulikuwa na kakitu ka kuongeza: pasi, madirisha, sungura wa mtoto, halafu nyanya yao wa orofa ya chini aanze kuogeshwa. Hapo kwa nyanya nikakataa, kwa sababu kuuguza mzee si kazi ya au pair. Mkataba ulikuwa na notisi ya wiki 2, shirika likanitafutia familia nyingine. Jueni tu mwaka hauanzi upya ukihama. Miezi 12 ndio mwisho, na ile mitatu ilishaenda.

Familia ya pili bado tunapigiana simu. Huyo mama alikuwa mkali wa saa hadi anakera, lakini saa yangu ikiisha alikuwa ananichukua mtoto mkononi na kunifungulia mlango: nenda. Baada ya hapo nilifanya mwaka wa kujitolea, sasa niko mwaka wa mwisho wa mafunzo ya uuguzi.

Mdadisi

Samahani, nisaidieni hesabu. Euro 280 kwa saa 30 kila wiki? Hicho si kibarua cha bei poa kilichovalishwa jina la Kifaransa?

Mama Wawili, Leipzig

@Mdadisi swali halali, sikukwepi. Kisheria hawaiti mshahara, wanaita pesa ya mfukoni. Jina lenyewe kwa Kifaransa lina maana ya kuwa sawa kwa sawa: mtu anakaa kwenu kama wa kwenu, anasaidia, anajifunza. Ongeza chumba, chakula, bima, kozi. Hata hivyo ukiniuliza mimi, hesabu hiyo inakubali pale tu saa 30 zikibaki 30. Zikifika 41 umeshapata jibu lako. Nauli ya ndege pia au pair kwa kawaida hujilipia mwenyewe, na hilo familia nyingi hatulitaji.

Zamu ya Usiku, Minnesota

Marekani ni dunia nyingine kidogo. Huku ruhusa ni hadi saa 45 kwa wiki, zisizidi 10 kwa siku, na malipo ya chini ya programu ni dola 195.75 kwa wiki, pamoja na kuchangia masomo yake hadi dola 500. Juu ya hapo kuna ada ya shirika, na hiyo ni maelfu ya dola. Tulidhani tukilinganisha na bei ya kituo cha watoto tutapumua.

Kosa letu lilikuwa la zamu. Mimi muuguzi, saa 1 usiku hadi saa 1 asubuhi. Mume dereva wa malori, siku nne hayupo. Nikajua rahisi, watoto wamelala, binti naye amelala, nani anahesabu? Shirika wanahesabu! Kama yeye ndiye mtu mzima pekee ndani ya nyumba, saa za usiku ni saa za kazi, na zamu ya saa 12 haiingii kwenye 10 hata ukiikunja. Ilibidi nihamie zamu za wikiendi mume akiwa nyumbani. Wauguzi wenzangu, pigeni hesabu hii KABLA ya kulipa ada. Na mwenye kichanga ajue kwamba chini ya miezi 3 hawezi kumwacha peke yake na au pair.

Binti wetu alitoka Bogotá. Leseni anayo, theluji ya barabarani hajawahi kuiona. Bima ya gari ilipanda, na Januari yote mume alikuwa anampeleka kwenye uwanja wa maegesho wa kanisa, asubuhi ukiwa mtupu, amfundishe gari linavyoteleza na asivyotakiwa kukanyaga breki. Watoto nyuma wanashangilia kila likizunguka. Mpaka leo wanaomba wapelekwe kanisani kwa sababu hiyo tu.

Baba Neema, Hamburg

Sisi tulichukua mvulana. Ndiyo, wapo. Mke wangu ni Mjerumani, watoto watatu wa kiume, akasema nyumba hii inahitaji mtu wa kukimbizana nao. Akaja kijana wa Madagaska, mpole, kabeba kilo mbili za mchele kwenye begi kana kwamba Hamburg hakuna maduka. Huyo ni mtu wa wali asubuhi, mchana na jioni. Tulielewana papo hapo.

Kasheshe ilikuja mama yangu alipotutembelea kutoka Marangu kwa zile siku 90 za viza. Siku ya kwanza anaona kijana wa miaka 23 anamuogesha mjukuu na kukunja nguo. Akaniita pembeni: "Mwanangu, huyu mgeni mbona mnamtesa?" Nikamweleza. Hakukubali. Kila asubuhi anaamka kabla yake, anampikia, anampokonya ufagio. Kijana naye hana Kiswahili, mama hana Kijerumani, wanavutana ufagio sebuleni. Mwishowe walipatana: mama anapika, yeye anaosha, na hakuna mtu wa kuingilia.

Siku ya kuondoka uwanja wa ndege, mama alimpa mkono yeye kabla yangu.

Kijana wa Rock City

Wakuu shikamooni. Niko Mwanza, miaka 24. Nimepata familia ya London mtandaoni, baba, mama na mtoto mmoja, wananitaka niwe au pair. Wakala wao anasema nitume laki nane kwa simu nipate kibali. Nitume?

Binti wa Kaunti 32, Bavaria

USITUME. Uingereza haina viza ya au pair, walishaifuta tangu 2008. Hiyo familia ni picha tu. Ada ya viza unalipia ubalozini au pale ubalozi unapokuelekeza, si kwa namba ya simu ya mtu. Familia ya kweli itataka mpigiane simu ya video mara kadhaa, na wewe itake pia: uone chumba chako, uone watoto, uulize siku yako inaanza saa ngapi na inaisha saa ngapi. Kama inawezekana, omba namba ya au pair aliyetangulia. Akikunyima, jiulize kwa nini.

Kijana wa Rock City

Dah. Asante dada. Nilishakopa laki tatu.

Zamu ya Usiku, Minnesota

Zirudishe leo hii mdogo wangu, kabla hazijaota miguu.

Mama Wawili, Leipzig

@Kijana pole, umeokoka. Ukitaka Ujerumani kweli, muda unao lakini si mwingi: wakati wa kuomba viza uwe hujafikisha miaka 27, na Kijerumani cha A1, ile ngazi ya mwanzo, uwe nacho mkononi.

Mtu kaniuliza binti wa Kitale yuko wapi. Yuko Chemnitz, anasomea uuguzi. Pasaka alikuja na begi la nguo na chupa ya mafuta ya nywele aliyosema niliisifia zamani, mimi sikumbuki. Baada ya kula akanyanyuka, akakunja mikono ya sweta, akaelekea kwenye sinki. Nikamwambia kaa wewe, ni mgeni. Akasema: "Tulia auntie, leo siandiki saa." Watoto bado wanamwita dada. Nilishawahi kumuuliza kama tubadilishe, akasema aliyemharibia lile neno ni yule mgeni wa Berlin, si wao.

Kijana wa Rock City

Na hiyo A1 naweza kujisomea mwenyewe nyumbani, au lazima darasa?

Binti wa Kaunti 32, Bavaria

Kusoma unaweza kujisomea, bora ukafanye mtihani unaotambulika na upate cheti. Mimi nilifanyia Goethe-Institut Nairobi, na kwenu Dar ipo. Lakini zoea kuongea kwa mdomo, usikariri karatasi tu, kwa sababu ubalozini wanakuongelesha. Mimi afisa aliniuliza kwa Kijerumani nimefikaje pale asubuhi hiyo. Nikamjibu kwa ujasiri wote jina la mamangu.