Wakuu, niondoke Kaş Jumamosi au nibaki nidai hela yangu?

Mtoa mada: Heshima kwenu wakuu. Niko Kaş, mji mdogo wa pwani kusini mwa Uturuki. Nimemaliza kazi ya msimu kwenye boti ya watalii, ndege yangu ya kurudi ni Jumamosi kutoka Antalya. Bosi hajanimalizia hela. Niondoke au nibaki? Usingizi sipati kabisa.

Kipanga_Tanga: Usiondoke! Mimi Muscat niliambiwa "nenda tu, tutakutumia". Mpaka leo. Tena nilikuwa nimeshamwahidi mzee bati za nyumba.

Mama Nasra: Mwanangu, mtu anayedai hakosi usingizi hivyo, anayekosa ni anayedaiwa. Kuna jambo umelibana. Litoe.

Mtoa mada: Sawa mama. Nusu ya hela alinilipa kwa sarafu ya kale ya fedha, anasema ilitoka baharini. Nimeshaishona kwenye pindo la koti. Lakini sikuiba, ni jasho langu! Na hapa vitu vya kale vimezagaa. Kuna jeneza la mawe la Walikia, watu wa kale wa pwani hii, kifuniko kina vichwa vya simba, limesimama katikati ya mtaa wa maduka na watu wanaliegemea wakila aiskrimu. Kisarafu kimoja kitamuuma nani?

Wakili_Mtaani: Kitakuuma wewe. Sheria namba 2863 ya mwaka 1983: vitu vya kale ni mali ya serikali, ukivikuta una siku 3 za kuripoti. Kuvitorosha nje ni jela miaka 5 hadi 12.

Fundi_Mpingo: Kaş! Karibu na hapo, Uluburun, mzamia sifongo aliona chini ya bahari "biskuti za chuma zenye masikio". Ilikuwa 1982. Akasema. Kumbe ni shehena ya shaba, tani kama 10, kwenye meli ya karne ya 14 KK. Na ndani mlikuwa na magogo ya mpingo kutoka Afrika, mti huuhuu tunaouchonga Mwenge! Angeuza kimyakimya tungejuaje?

Bwax: Mkuu ukidakwa, koti niachie mimi.

Hanidanganyi: Hii chai. Jeneza katikati ya maduka? Na mwezi jana akaunti hiihii ilikuwa "imekwama Malaysia". Weka picha ya sarafu.

Mtoa mada: Wa Malaysia ni kaka yangu, tunatumia akaunti moja. Picha siweki ng'o.

Hanidanganyi: Kaka. Sawa.

Dada_wa_Izmir: Jeneza lipo, nimelishika kwa mkono wangu. Na ukikaa kwenye ngazi za ukumbi wa kale wa Antiphellos, jina la zamani la Kaş, unakiona Meis, kisiwa cha Ugiriki, hapo mbele tu. Ila sarafu nyingi wanazouziwa wageni kwenye magofu ni feki. Ikiwa feki, bosi kakutapeli mshahara. Ikiwa ya kweli, kakubebesha kesi. Ipeleke makumbusho.

Mtoa mada: Dada, wakiniuliza nilikuwa nafanya kazi kwa kibali gani?

Mama Nasra: Ehee. Kumbe la pili ndilo hilo.

Wakili_Mtaani: Kazi bila kibali ni faini na kurudishwa kwenu, na wewe tayari uko njiani kwenda kwenu. Sarafu ni jela. Fumua koti usiku huu, asubuhi piga simu ubalozi wetu Ankara uwaeleze yote mawili, na usikanyage uwanja wa ndege nayo.