Redio ya 27 MHz: sindano inasoma wati 9, lakini sauti inafika imekatika

mwana_katuba
Jambo wakubwa. Redio ni ya gari, kanali 40, AM na FM, volti 12, imefungwa nyumbani Katuba, hapa Lubumbashi. Fundi mmoja aliifungua "kuiongezea nguvu". Naandika vipimo jinsi vilivyo ili msinirudishe kuuliza.

AM kanali 19, nisiposema neno: wati 9. Nikisema, sindano ya watimita inashuka mpaka 6. TOS (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka antena, 1 ndiyo bora) kanali 1 ni 2.9, kanali 20 ni 2.4, kanali 40 ni 2.0. Antena ni bomba jembamba la shaba, mita 2.45, limesimama juu ya mabati, na masi (upande wa ardhi) imefungwa kwenye skrubu ya bati. Kebo ni ya televisheni, mita 14. Umeme unatoka kwenye batri ya sola ya Ah 100 kwa waya wa 0.75 mm², mita 8. Batri ikipumzika ni 12.5 V, nikibonyeza maikrofoni, nyuma ya redio napata 11.2.

Mchana kuna mlio wa "zzzz" mpaka S7 kwenye kipimo cha mapokezi, jua likizama unaisha. Tena, madereva wa njia ya Kasumbalesa, mpakani, nawasikia kwenye 19 kama mtu anayeongea na maji mdomoni, wakati jirani tukiwa FM tunasikilizana vizuri.

Wananiambia nikate limita ya sauti (inayozuia sauti isizidi) ndipo nitasikika. Nikate?

fundi_kampemba
Usikate kitu. Ugonjwa umeshautaja mwenyewe: sindano inashuka ukisema. Kwenye AM yenye afya sindano hutulia au hupanda kidogo.

Sababu ni hii. Wati 4 za wimbi tupu (lisilobeba sauti bado) kwenye omu 50 ni volti 20 za kilele. Sauti ikijaa kabisa, kilele kinafika volti 40, yaani wati 16. Nguvu ya kilele ni mara nne ya wimbi tupu, hakuna njia ya mkato. Sasa wewe umeanza na wati 9, kwa hiyo kilele chako kinadai wati 36. Redio iliyotengenezwa kwa wati 4 haina pa kuzitoa, na kwa volti 11.2 ndiyo kabisa. Vilele vinakatwa, mabonde yanabaki, wastani unashuka. Sindano inakuonyesha hicho hicho. Limita ukiikata utaongeza makelele kwenye kanali za jirani, maneno yatabaki vilevile.

Halafu hesabu faida yenyewe: kutoka wati 4 hadi 9 ni desibeli 3.5. Alama moja ya S ni desibeli 6. Mtu wa upande wa pili anapata nusu ya alama na kidogo tu.

Kabla ya kushika bisibisi tengeneza antena ya uongo. Rezista 20 za kiloomu 1, nusu wati kila moja, zote sambamba: omu 50, wati 10. Ziwe za kaboni au za filamu. Zile za kuzungushiwa waya ni koili, kwa 27 MHz zitakudanganya. Panga miguu mifupi kati ya vipande viwili vya bati la shaba, kimoja kwenye pini ya katikati ya soketi, kingine kwenye masi. Zikiwa za moto kiasi cha kutoshikika, pumzika.

Fungua redio, piga picha ya bodi, kisha weka alama ya kalamu kwenye kila trima (skrubu ndogo ya kurekebisha) kabla ya kuigusa. Majina ya trima hubadilika bodi kwa bodi, tafuta mchoro wa redio yako yenyewe, usichukue wa redio inayofanana. Koili zizungushe kwa bisibisi ya plastiki. Ya chuma inapasua kiini cha feriti, na hata isipopasua, kipimo kinahama ukiitoa.

Shusha wimbi tupu hadi wati 4. Mimi naacha 3.5. Kisha angalia kama kuna koili ya mtego wa 54 MHz karibu na soketi ya antena. Hiyo ndiyo mafundi wengi wanaizungusha, wanaona sindano inapanda, wanafurahi. Watimita haichagui masafa. Kilichopanda ni hamoniki ya pili (masafa yako mara mbili), 54.37 MHz, ambayo mtego ulikuwa unaizuia. Irudishe kwenye alama ya kiwandani. Rangi au nta ya zamani kwenye kiini hukuonyesha ilikuwa wapi. Na usicheze na chujio la kutokea kwa sababu hamoniki ya nne ya kanali 19 ni 108.74 MHz, ndani ya masafa ambayo ndege hutumia kufuata njia na kutua. Uwanja wa ndege wa Luano si mbali na Katuba.

Mwisho ni modulesheni, yaani kiasi sauti inavyolitikisa wimbi. Osiloskopu (chombo kinachochora wimbi kwenye skrini), probu ya ×10, juu ya antena ya uongo. Wimbi tupu la wati 4 litakuwa na urefu wa volti 40 kutoka chini hadi juu. Piga mluzi sentimita 5 kutoka maikrofoni, zungusha trima ya limita mpaka pana pafike volti 76 na pembamba pabaki volti 4. Hapo ni asilimia 90. Pembamba pakifunga kabisa na kuacha mstari mtupu, umepita, rudisha. Asiye na osiloskopu ampe mwenzake redio ya pili asimame mita mia moja, asikilize kanali mbili chini na mbili juu wewe ukiwa 19. Akisikia makofi ya sauti yako kule, punguza.

Kebo ya televisheni itupe, weka RG-58 ya omu 50.

yaya_wa_ruashi
Fundi ametoa maneno mazuri lakini kebo ameihukumu haraka. Kebo ya televisheni, RG-6, ikiwa nzima, kwa 27 MHz, inapoteza nguvu kidogo kuliko RG-58. Tatizo ni omu 75 zake pamoja na antena uliyochagua. Nguzo ya robo ya wimbi juu ya bati tambarare ina omu 36 hivi. Ukiiweka kwenye kebo ya 75 unapata TOS ya 2 hata kama urefu ni sahihi. Kebo ileile kwenye dipoli (antena ya mikono miwili) inakaa vizuri, maana dipoli iliyo juu hewani ina karibu omu 73. Redio itaona TOS ya 1.5, na hiyo inarudisha asilimia 4 tu ya nguvu. TOS ya 3 inarudisha 25.

Urefu wako sasa. TOS kubwa kwenye kanali 1 na ndogo kwenye 40 maana yake antena ni fupi. Ingekuwa kinyume, ingekuwa ndefu. Robo ya wimbi ni 71.3 ukigawanya kwa MHz; kanali 19 ni 27.185, unapata mita 2.62, wewe una 2.45, na hiyo inaimba karibu na 29.1 MHz. Sentimita 1 inasogeza kama kHz 100, karibu kanali 10. Kwa hiyo ongeza kipande kifike 2.70, kisha kata nusu sentimita kwa nusu sentimita mpaka kanali 1 na 40 zilingane. Waya uliokatwa haurudi, hapo ndipo watu wanapoharibu.

Mabati yenyewe siyaamini. Kila kiungo chenye kutu ni mguso mbovu, leo unapitisha, kesho upepo ukipiga haupitishi. Funga waya nne za shaba za mita 2.70 chini ya nguzo, zishuke nyuzi 45 kila upande, zisiguse bati. Zikishuka hivyo antena inapanda kuelekea omu 50, na hapo RG-58 ya fundi ndiyo mahali pake. Shaba usiseme imekosekana, tuko Lubumbashi.

Ukitaka kubaki na kebo yako: dipoli, mikono miwili ya 2.62, isimame wima kwenye mti wa mita 7, kebo iondoke kwa pembe mraba angalau mita 2 kabla ya kushuka. Wima kwa sababu antena za malori ni wima. Ukiilaza unaweza kupoteza desibeli 20. Pale kebo inapoungana na dipoli izungushe mara 7 kwenye bomba la plastiki la sentimita 10, ili ngozi ya kebo isigeuke kuwa antena ya tatu. Na wavu wa RG-6 mara nyingi ni alumini, haushiki risasi ya kulehemu. Ubane kwa kibano cha skrubu, usipoteze jioni nzima na chuma cha moto.

kanali_19
Kabla hamjapanda juu ya nyumba: skrini ikiwaka inaandika herufi gani? Redio hizi za kanuni nyingi, kila nchi yake, zina EU, PL, d, U, In. PL ni ya Poland, kanali zake ziko kHz 5 chini: 19 inakuwa 27.180 badala ya 27.185. AM ikikosewa kHz 5 ndiyo hayo maji mdomoni. Ulisema FM na jirani ni sawa. Redio yake ni ya namna gani?

mwana_katuba
Kanali_19, umenichekesha na kunihuzunisha. Imeandika PL! Na ya jirani tulinunua pamoja, fundi ni huyohuyo, nayo ni PL. Nimefuata kitabu, nimeweka EU, madereva wanasikika safi sasa.

Yaya, nimechagua nguzo na waya nne, RG-58 mita 14. Baada ya kukata hadi 2.64: kanali 1 ni 1.4, 20 ni 1.2, 40 ni 1.4. Fundi, wimbi tupu liko wati 4 na sindano haishuki tena, ila sina osiloskopu, nimetumia njia ya kusikiliza. Volti bado zinaanguka hadi 11.7, na mlio wa mchana uko palepale.

fundi_kampemba
Volti ni hesabu ya waya. Mita 8 kwenda na 8 kurudi ni 16; shaba ya 0.75 mm² kwa urefu huo ni karibu omu 0.37. Ampea 2 zinakula volti 0.75. Weka 2.5 mm², itakula 0.22. Fyuzi ya ampea 3 iwe upande wa batri, si nyuma ya redio tu: waya ukichunika katikati, fyuzi ya mbali hailindi chochote, na batri ya Ah 100 inaweza kuuwasha moto.

Kebo nimekubali, yaya. Lakini kwa nguzo nilikuwa na haki.

yaya_wa_ruashi
Kwa nguzo tu.

Mlio unaokuja na jua na kuondoka na jua ni regyuleta ya sola. Hakikisha: mchana, mlio ukiwa S7, chomoa waya za paneli kwenye regyuleta. Ukinyamaza, umempata mwizi. Usichomoe batri kwanza huku paneli imeunganishwa, regyuleta nyingine hufa hivyo.

Dawa: pinda waya mbili za paneli pamoja kama kamba tangu juu hadi chini, maana zikitengana zinakuwa fremu ya kurusha kelele. Kisha zipitishe zote mbili kwa pamoja mara 8 ndani ya pete ya feriti, karibu kabisa na regyuleta, na pete nyingine upande wa batri. Pete nyeusi au ya kijivu inayotoka kwenye kebo za skrini za kompyuta inafaa. Ile ya njano yenye upande mweupe, inayojaa ndani ya alimentasheni (sanduku la umeme) za kompyuta, ni ya unga wa chuma kwa masafa ya chini, hapa haikusaidii. Mlio ukibaki S2 au S3 shukuru, au zima paneli kwa swichi wakati wa kuongea, batri ya Ah 100 haitalia. Angalia pia balbu za LED za bei ndogo, zizime moja moja huku ukitazama sindano.

kanali_19
Anayefunga kwenye lori asichanganye na hilo la sola. Lori la dizeli halina plagi za kuwasha, kwa hiyo mlio unaopanda pamoja na mwendo wa injini ni altaneta. Chukua umeme moja kwa moja kwenye batri, chanya na hasi zote mbili, usichukue kwenye soketi ya sigara. Kabini nyingi zinakalia mpira; funga msuko wa shaba kati ya kabini na chasi, la sivyo antena haina masi na TOS itakuzungusha siku nzima. Na lori lenye volti 24 linahitaji kishushio cha kufika 13.8. Kuchukua batri moja kati ya mbili kunaiua hiyo moja.

mwana_katuba
Aksanti sana wote. Na mvua zikianza, hiyo nguzo?

fundi_kampemba
Ukisikia vipasuo kwenye redio, radi iko njiani hata kama bado huisikii kwa masikio. Chomoa kebo ya antena, itoe nje ya nyumba, usiiache imening'inia nyuma ya meza. Chomoa na waya wa umeme. Nondo ya ardhini chini ya nguzo, mita 1.5 hadi 2, ipigwe kabla udongo mwekundu haujakauka. Mwezi wa nane utavunja nyundo.

Na ruhusa ya kutuma iulize kwa ARPTC, mdhibiti wa mawasiliano wa Kongo, wao ndio wenye masafa.

mwana_katuba
Pete nyeusi mbili nimezipata soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, kwenye kebo za skrini kuukuu. Duru 8 haziingii, zimeingia 5. Mlio S4.

yaya_wa_ruashi
Panga pete mbili ziwe bomba moja, pitisha duru 5 hizohizo ndani ya zote. Ni karibu sawa na kuongeza duru.

mwana_katuba
S2.