Nairobi hadi Pwani kwa gari mwezi wa Agosti: ni kusini au kaskazini kwa mpenda samaki?

Mkaazi wa South B
Hamjambo. Shule zikifungwa Agosti tutashuka Pwani kwa gari letu, mimi, mume wangu, watoto na mama mkwe, ambaye anapenda sana samaki lakini amechoshwa na wale wa barafu tunaouziwa hapa Nairobi. Tutalala Voi ili safari ya takriban kilomita 480 hadi Mombasa isimchoshe. Kwa kuwa siku zetu ni chache, mngetushauri tuelekee Shimoni, kusini, au Malindi, kaskazini?

Binti wa Msambweni
Dada, kabla ya kuchagua njia, angalia upepo na mwezi. Agosti upepo wa kusi bado huvuma na bahari kuu huchafuka, kwa hiyo vyombo vidogo havitoki nje ya mwamba kutafuta nguru na jodari kama vinavyofanya wakati wa upepo wa kaskazi. Watakaopatikana zaidi ni samaki wa ndani ya mwamba, yaani tafi, changu na pono, nao ni watamu mno. Pweza hufuata mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupwa mpaka mwamba ukabaki wazi, na wavuvi, wakiwemo kina mama, hutembea juu yake wakimchokoa pweza pangoni kwa mti. Ukifika siku za maji mafu, yaani yasipopwa sana, huenda ukapewa pweza wa jokofu.

Mkija kwetu, piteni barabara ya Dongo Kundu ili mama asikae kwenye foleni ya feri ya Likoni. Shimoni mtapanda mashua kuvuka hadi kisiwa cha Wasini, mle kaa kwa wali wa nazi.

Mkilifi wa Umoja
Ushauri wa dada kuhusu bamvua ni wa kweli kabisa, ila kwa safari yenye mtu mzima na watoto ningependekeza kaskazini. Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, na njiani, karibu na Watamu, kuna hori ya Mida, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, ambayo imezungukwa na mikoko na haisumbuliwi sana na kusi. Simameni Dabaso, kando ya hori hiyo, mle sambusa za kaa mkiwa juu ya maji, bila kupanda chombo chochote.

Samaki mzima mnunue dikoni, vyombo vinapotua. Mfunue matamvua: yawe mekundu na mabichi, na jicho liwe limejaa, halijabonyea. Kisha mwombeni mpishi awatengenezee wa kupaka, maana samaki huyo huchomwa kwanza kwenye makaa, halafu hupakwa tui zito lililotiwa ukwaju, kitunguu thomu na pilipili, akigeuzwa na kupakwa tena mpaka tui likamshika. Anayemimina mchuzi juu ya samaki aliyekwisha kuiva hajapika wa kupaka.

Mkaazi wa South B
Ahsanteni sana. Mama amechagua Mida, na tarehe tutazisogeza ziangukie bamvua. Je, tunaweza kurudi Nairobi na samaki wabichi?

Mkilifi wa Umoja
Mnaweza, mkiwatoa matumbo papo hapo dikoni, mkawapanga kwenye sanduku lenye barafu nyingi na kumwaga maji yake kila mnaposimama. Kama mtalala tena Voi, nunueni ng'onda, yaani samaki aliyekaushwa, badala yake, kwani hahitaji barafu.