Msaada: uzio wa bomba za kuzuia mlio wa msumeno, jirani bado analalamika

Seremala wa Bondeni:
Habari zenu wakuu. Nina karakana nyuma ya nyumba, na jirani yangu amechoshwa na mlio wa msumeno wa duara. Ukuta wa tofali siutaki, utanizibia upepo na vumbi la mbao litatumaliza humo ndani. Nikasoma habari za sanamu iliyotengenezwa na msanii Eusebio Sempere, iliyoko Madrid, Hispania: bomba za chuma zenye kipenyo cha sentimita 2.9, zimesimamishwa kila baada ya sentimita 10. Mwaka 1995 watafiti walieleza kwenye jarida la sayansi la Nature kwamba ile sanamu inapunguza sana sauti ya karibu hetzi 1670 (yaani mitetemo 1670 kwa sekunde), na upepo unapita kama kawaida. Nami nikajenga yangu: bomba za plastiki za inchi mbili, safu sita, nafasi sentimita 14. Ukisimama pembeni ya karakana unasikia tofauti kabisa. Lakini jirani anasema kwake hakuna nafuu, siku nyingine anaona ndiyo kelele zimezidi. Niongeze safu?

Mama Zawadi:
Kaka, bomba zote hizo za nini? Nenda kamwone jirani, kaeni mzungumze. Mpelekee hata stuli ya jikoni. Ujirani haujengwi kwa bomba.

Dogo wa Kona:
Mimi nimepanga karibu na baa, hata hiyo hekima ya sanamu ingenishinda. Spika lao linapiga besi hadi vikombe vinacheza kabatini. Mkuu, na mimi zitanifaa?

Kipimio:
@Dogo, hapana. Besi ya hetzi 60 ina wimbi lenye urefu wa mita 5.7, na nafasi kati ya bomba inatakiwa iwe nusu ya wimbi. Ungepanda nguzo kila baada ya mita 2.8, safu kadhaa. Hiyo ni shamba la minazi.
@Seremala, maswali mawili. Kwa nini 14? Na je, uzio umefunga upande wote au kuna mwanya?

Seremala wa Bondeni:
Diski yangu ina meno 24, mota inazunguka karibu mara 3000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde. 24 mara 50 ni hetzi 1200. Sauti inakwenda mita 340 kwa sekunde, gawanya kwa 1200 unapata wimbi la sentimita 28. Nusu yake ndiyo 14. Kila safu inarudisha sauti kidogo, na kwa nafasi hiyo marejeo yote yanaungana kurudi nyuma.

Kipimio:
Hesabu safi. Umejibu la kwanza.

Mzee wa Mashaka:
Wakuu mnalishwa chai. Fundi gani wa mtaani anapiga hesabu za hetzi na kutaja Madrid? Imenyooka mno. Weka picha.

Seremala wa Bondeni:
Mzee, fizikia niliisoma hadi kidato cha sita, ada ndiyo ilinishinda kuendelea. Picha itaonyesha nyumba ya mtu, siweki. Ila njoo usikilize msumeno ukiingia kwenye mninga: mzunguko unapungua na mlio unashuka, ukipasua msonobari unabaki juu. Uzio hauzuii namba moja tu, unazuia milio kadhaa iliyo karibu na hiyo 1200, ndiyo maana mbao zote mbili zinapata nafuu. Hilo sikulisoma, nimelisikia kwa masikio yangu.

Mzee wa Mashaka:
Hilo la mninga nimelikubali. La mwanya bado umelikwepa.

Seremala wa Bondeni:
Sijakwepa. Njia lazima iwepo, mbao zitaingiaje? Nimeruka mistari minne ya bomba, imenyooka hadi getini. Zege limeshamwagwa kila upande.

Mama Zawadi:
Na mbele ya geti kuna nini?

Seremala wa Bondeni:
Kichochoro, halafu dirisha la jirani. Chumba cha kulala. Ni nesi, yuko zamu ya usiku, analala mchana. Lakini barabara iko upande ule, ningeweka geti wapi?

Kipimio:
Basi tatizo ni hilo. Sauti ya hetzi 1200 inapenya kwa shida sana kwenye bomba zako, kwa hiyo inafuata pale ulipoziondoa. Kwenye uwanja wazi ingetawanyika, ila humo njiani kuta zote mbili za bomba zinairudisha ndani hadi itokee getini. Ukiongeza safu pembeni, unaimarisha mfereji unaomwagia dada wa watu kelele. Wanafizikia wanajenga hivyo makusudi wakitaka kuongoza sauti.

Dogo wa Kona:
Si aipinde tu hiyo njia?

Seremala wa Bondeni:
Mbao za futi 12 hazikati kona.

Kipimio:
Na kona isingetosha. Mwaka 2004 watafiti wa Ufaransa walionyesha, kwa nguzo za chuma ndani ya maji, kwamba wimbi linafuata njia ya namna hiyo hata ikipinda. Tengeneza mlango wa fremu wenye bomba zilezile, safu sita, nafasi ileile, utembee kwenye reli. Mbao zikiingia unafungua, ukiwasha msumeno unafunga. Upepo utapita.

Seremala wa Bondeni:
Reli na magurudumu ni hela, mkuu.

Kipimio:
Jaribu kwanza. Simika bomba kwenye ndoo za mchanga zijaze njia yote, pima nafasi juu na chini, kisha mwombe nesi akae chumbani akiwa macho huku unapasua. Zege halivunjwi. Ila mashine ya randa usiitegemee hapo: visu vitatu kwa mizunguko 5000 kwa dakika ni hetzi 250, inataka nafasi ya sentimita 68. Hiyo ijengee kibanda.

Mama Zawadi:
Muulize kwanza anatoka zamu saa ngapi, usimgongee amesinzia.

Seremala wa Bondeni:
Nimemtumia ujumbe, Jumamosi hana zamu. Ndoo nitazipanga. Kibanda cha randa kitasubiri, nina oda ya milango mwezi huu.