Yule bwana wa aprovo, anayeruhusu watu kuingia, amenikata nikiwa ndani ya databesi!!!

Wadau mnamjua, sina haja ya kumtaja. Malipo ya wateja yamekwama, nusu ya Nairobi inatutukana kwa simu, mimi naomba tu kuingia databesi ya prodakisheni, ile ya wateja wenyewe. Tiketi nimejaza, sababu nimeandika, bado ananiuliza "unaingia kufanya nini?" Kuosha vyombo! Nimengoja hadi ndevu zikaota ndio akanipa dakika 15. Haya, nimeingia, BEGIN ya kuanza, nimerekebisha malipo yaliyokwama, nayapitia mara ya mwisho kidole kiko juu ya COMMIT ya kuhifadhi, nikakatwa. NIKAKATWA. Kazi yote ikarudi nyuma. Na yeye kwenye grupu ananiwekea kidole gumba. Kidole gumba wadau!! Si pole, si nini. Na paswedi ya admin anayo yeye, haijawahi kubadilishwa tangu tuko ofisi ya zamani. Mimi dakika 15, yeye maisha. Kidole gumba!

MzeeWaLogi: Dakika 15 ni umri wa tokeni ya IAM (paswedi ya muda) kwa RDS, huduma ya databesi ya Amazon, na ikiisha inazuia koneksheni mpya tu, iliyofunguka haiguswi. Hata VALID UNTIL (mwisho wa paswedi) ya databesi ya PostgreSQL inaangaliwa ukiingia na paswedi, basi. Ukikatwa katikati huenda kuna mtu ama skripti imepiga pg_terminate_backend, amri ya kukata koneksheni.

Mwenye uzi: KWA HIVYO NI YEYE NA MKONO WAKE???

JongooWaRongai: 😂😂😂 Jitu linafanya UPDATE (kubadilisha data) kwa prodakisheni na mkono halafu linalia. Ningekukata mapema.

tokeni_moja: Na hizo lock (kufuli za data) umeshika ukipitia pitia, malipo yalikuwa yanakungoja wewe mheshimiwa.

MzeeWaLogi: Mimi shida yangu ni hiyo paswedi ya admin. Logi itaandika "admin" na hamtajua ni nani alisoma data za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data iko tangu 2019, mnacheza.

Shiru254: Nyinyi mnalilia databesi, hapa Kilimani askari wa geti ananiuliza naenda nyumba gani na nimehamia hapo yeye hajaandikwa.

JongooWaRongai: Umeombaje aprovo?

baba_wawili: Wa kwetu Roysambu alizuia boda wa chakula geti mpaka chips zikapoa, na kuku ilifika bila paja.

tokeni_moja: Paja lilikuwa la kuidhinisha 😂

Shiru254: Wa kwenu ana koti la kijani na redio haizimwi? Kama ni huyo alihamishwa kutoka kwetu.

baba_wawili: NI HUYO HUYO